Kigae cha Moto

Jirani yetu mpya hapa Area D ametokea huko kwenye ng'ombe wengi, na mbu wa mvua hizi wamemshinda. Jumamosi jioni aliweka mavi makavu ya ng'ombe kwenye ndoo ya bati iliyotoboka, akayawasha, akaiacha barazani kwake ili moshi uwafukuze. Mimi nilikuwa jikoni napasha maharage ya jana. Moshi ulipoingia dirishani, kijiko kikanidondoka. Nikazima gesi, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi nimejishika kifua.

Mume wangu akanikuta hapo.

"Vipi tena?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu, na umekaa kwenye ngazi iliyolowa?"

Nikamwambia moshi umeniingia machoni. Hakuuliza zaidi, amenizoea. Mimi ndiye yule ambaye nikishafika kituoni asubuhi, bajaji imeshasimama, namwambia dereva aende zake, narudi nyumbani kukagua kama mtungi wa gesi nimeufunga. Naukuta umefungwa. Siku hata moja sijaukuta wazi, na siku hata moja sijaacha kurudi. Ofisini wananicheka, wanasema nikistaafu nitapewa kazi ya zimamoto.

Wenzangu wa rika langu mliokulia huku kanda ya kati mnaijua harufu ile. Si mbaya hata kidogo. Ni ya majani makavu, na udongo uliochomwa, na kwa mbali kuna utamu fulani wa maziwa. Wengi wenu ikiwapitia mnamkumbuka bibi akikamua. Mimi pia namkumbuka bibi, ila namkumbuka na hofu yangu. Tumemzika kabla ya mvua hizi kuanza, kwa hiyo sasa naweza kulisema hili bila kumwumiza mtu.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tunakaa na Bibi, mama yake mama, katika kijiji kimoja ng'ambo ya Haneti, mimi na mdogo wangu Yona. Mama alikuwa amefariki kwa homa Yona akiwa bado ananyonya. Baba alikwenda machimboni, tukawa tunamsikia kwa watu tu. Bibi ndiye aliyekuwa mama, baba na serikali. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye maneno machache, na alikuwa na tabia ya kuniita "mama" kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

Mwaka ule uwele ulikuwa umeisha ghalani, na kifuku, ndivyo tunavyoita masika huku kwetu, kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza. Shamba limelimwa lakini mtu hali majani. Watu wakaanza kuhemea, yaani kufunga safari kwa miguu kwenda kutafuta chakula kwa ndugu au kwa mwenye nacho. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa ameolewa huko upande wa Chemba na tulisikia ana mahindi. Malori yalikuwa yamekwama kwenye matope, hayapiti. Bibi akakaa siku mbili akiangalia mbingu, siku ya tatu akasema, "Tutatembea. Siku tatu tumefika. Njaa haisubiri lori."

Mizigo yetu ilikuwa midogo. Yona mgongoni kwa Bibi. Kichwani kwake mkeka na nguo. Kichwani kwangu sufuria, ndani yake mfuko wa unga wa uwele, unga wa mlenda kidogo na chumvi iliyofungwa kwenye kitambaa. Na mkononi mwangu kigae cha moto.

Nieleze kidogo hapo, maana watoto wangu nikiwaambia wanadhani nawatania. Kilikuwa kitako cha chungu kilichovunjika, kimejazwa majivu, na juu ya majivu kuna bonge kavu la mavi ya ng'ombe lililoshika moto. Bonge lile haliwaki. Linaliwa polepole kwa ndani, kutoka asubuhi mpaka jua la utosi, na likikaribia kuisha unaliegemeza jingine, moto unahama. Bibi alikuwa na mfuko mzima wa mabonge, ameufunika kwa nailoni. Kiberiti alikuwa nacho, kimoja, kwenye pindo la kanga, lakini hakukiamini. "Kiberiti ni cha watu wenye paa la bati," alisema. "Mtu wa safari anatembea na moto wake."

Njiani alinifundisha kusoma moshi. Alikuwa anaujua moshi, Bibi, jamani! Alikuwa anasimama kilimani, mkono juu ya macho, ananiambia yule anapika, yule anachoma takataka, yule ana mgeni.

"Ule pale unauona, mama?"

"Nauona, Bibi."

"Unatoka wapi?"

"Kwenye paa la tembe."

"Basi wanapika. Moshi wa kupika unapenya kwenye udongo wa paa, ukifika juu umeshachoka. Na ule mweupe, mzito, uko peke yake porini?"

"Mkaa?"

"Mkaa. Huko usiende kuomba kitu. Wachoma mkaa wanaogopa watu, na mtu mwenye hofu si mtu wa kuzoeana naye."

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Tulipumzika mara mbili, mara zote Bibi akapanga mafiga matatu, akapulizia bonge lake kwenye vijiti, na uji ukachemka kabla sijamaliza kuutamani. Tulilala kwa mama mmoja wa kanisani aliyetupa kona ya nyumba. Lakini kulipokucha tumbo la Yona lilikuwa linamwendesha. Akanywa uji, akautapika. Bibi akamshika utosi kwa vidole viwili, akanyamaza. Mimi niliujua ule unyamavu. Ndio aliokuwa nao siku za mwisho za mama.

Siku ile ya pili, mvua ikiwa ya manyunyu, tukafika kwenye korongo kubwa. Maji yalikuwa mekundu, yananguruma kwa chini. Bibi akayapima kwa fimbo, akaona yanampita kiuno kidogo. Akamhamisha Yona kutoka mgongoni, akamweka mabegani, akaniambia nishike kanga yake na nisiangalie maji. Nikaangalia maji. Katikati, jiwe likateleza chini ya mguu wangu, nikazama mpaka kidevuni. Sufuria ilibaki kichwani, na kigae nilikishika, haki ya Mungu nilikishika, ila kilikwenda chini ya maji pamoja na mkono. Nikasikia moto ukifa. Ulisema *tss* mara moja tu.

Tulipofika ng'ambo nilikuwa nalia hata kabla Bibi hajageuka. Aliangalia kigae, kimejaa maji mekundu. Mfuko wa mabonge nao ulikuwa umeloa, na pindo la kanga lenye kiberiti lilikuwa linachuruzika.

"Umeumia?"

"Sijaumia, Bibi."

"Basi. Moto unapotea, mtu hapotei. Twende."

Hakunipiga, hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Bibi asipogomba ujue jambo ni kubwa.

Tukaenda mpaka kwenye majabali, yale mawe yetu makubwa yaliyopandana, tukajibanza chini ya moja lililoinama kama kibaraza. Hapo palikuwa pakavu. Wachungaji walikuwa wanapatumia, kwa hiyo palikuwa na mavi ya mbuzi yaliyokauka vizuri, tena mengi. Bibi akanituma kutafuta zaidi. Nikachomoa viota vya ndege vilivyokuwa ndani ndani ya mgunga, miiba ikanichana mikono, lakini kiota kwa ndani hakilowi. Nikaleta na vijiti kutoka kwenye nyufa za mawe. Kuni za kutosha tukawa nazo. Kilichokosekana ni cheche tu.

Bibi akavianika vijiti vya kiberiti juu ya jiwe, kimoja kimoja. Akaviweka kwenye nywele zake chini ya kilemba ili joto la kichwa livikaushe. Tukasubiri. Akajaribu cha kwanza, kichwa chake kikabaki kwenye ganda kama uji wa kahawia. Cha pili hivyohivyo. Alipofika cha mwisho alikishika muda mrefu bila kukikwaruza, kisha akakwaruza, kisha akakitupa.

Yona alikuwa amelala kwenye mkeka. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na alipolia hakutoa machozi. Nilimwuliza Bibi kama tunaweza kumkorogea unga kwenye maji ya baridi.

"Unga mbichi na maji ya korongo?" akasema. "Hapo tutakuwa tumemmaliza kwa mikono yetu. Huyu anataka kitu cha moto chenye chumvi. Asipokipata leo, kesho hatutakuwa watatu."

Alilisema hivyo hivyo, wazi, kwa mtoto wa miaka tisa. Moto ule niliuua mimi.

Bibi akatoka nje ya jabali, akasimama kwenye manyunyu, mkono juu ya macho. Chini kwenye tambarare kulikuwa na nyumba moja, tembe refu lenye zizi, na moshi. Akautazama moshi ule kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Nikadhani macho yamemchoka. Aliporudi akakimwaga kigae maji, akakifuta kwa kanga, akakijaza mavi makavu ya mbuzi.

"Nenda nyumba ile, uombe moto," akaniambia. "Usiseme kama tuna mgonjwa. Usikae. Ukipewa chakula usile. Ukiupata moto, geuka uje."

"Twende wote, Bibi?"

"Mimi nabaki na Yona. Nenda, mama. Kimbia."

Nikakimbia. Niliponyooka kwenye njia ya nyumba ile nikaanza kuona vitu ambavyo mtoto mwingine asingeviona. Wanaume wengi wamekaa chini mbele ya nyumba, kofia mapajani, hawazungumzi. Kitanda kimetolewa nje kimesimamishwa ukutani. Na mbele ya nyumba, si jikoni, kuna gogo kubwa linaungua kwa ncha, limefunikwa na kipande cha bati lisilowe.

Gogo la namna ile nilikuwa nimeliona mara moja, nyumbani kwetu, mama alipofariki. Siku ya pili ya msiba nilisikia njaa, nikachukua hindi, nikaenda kuchota kaa kwenye gogo ili nikachomee nyuma ya nyumba. Dada mkubwa wa Bibi, aliyekuwa amekuja kutoka mbali, akanipiga mkono mpaka hindi likaruka. "Moto wa msiba haubebwi!" akaninong'oneza kwa ukali. "Ukiubeba, umekibeba kifo. Kitakwenda unakokwenda, kitakula anayekula." Bibi hakuwepo hapo, alikuwa ndani na wanawake wenzake, analia. Sikumwambia. Nilikuwa naona aibu kwamba mama hata hajaoza nami nataka hindi la kuchoma.

Kwa hiyo niliposimama mbele ya wale wanaume nilikuwa najua nimesimama wapi.

"Shikamooni."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?" Aliyeniuliza alikuwa mzee mwenye koti lililochanika kola.

"Ni wa njiani. Bibi anaomba moto."

Wakaangaliana. "Bibi yako yuko wapi?"

"Kwenye majabali."

"Na amekutuma hapa? Kwani hakuona..." Akaachia hapo, akatikisa kichwa, akamwita mtu ndani. Akatoka mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni, macho yamevimba.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "jikoni kwetu hapajawashwa siku mbili. Tunapikiwa ng'ambo. Huu hapa si moto wa kuomba. Nenda nyumba ya ng'ambo ya korongo, watakupa."

"Korongo limejaa, mama."

"Basi subiri lipungue. Kaa hapa, ule kidogo."

Nilitaka kusema tuna mtoto hana machozi. Bibi alinikataza. Nikasimama hapo na kigae changu. Mara kwenye njia ya chini ikasikika sauti ya mwanamke ikipaa, wageni wa msiba wamefika, na ndani wakaitikia kwa kilio. Wanaume wakasimama wote. Yule mama akakimbilia njiani, mikono kichwani. Hakuna aliyekuwa ananiangalia.

Kaa moja lilikuwa limedondoka kutoka kwenye ncha ya gogo, jekundu, ukubwa wa ngumi ya Yona. Nikachuchumaa. Nikalisukuma kwa vijiti viwili likaingia kwenye kigae. Mavi ya mbuzi yakaanza kutoa moshi papo hapo. Nikaondoka kwa kutembea, nilipopita zizi nikaanza kukimbia.

Mbio zile naziota mpaka leo. Kichwani mwangu kifo hakikuwa kwenye kaa, kilikuwa kwenye moshi. Niliamini mtu ukiuvuta umeshaandikwa. Nikabana pumzi. Nikakishika kigae mbali na mwili, mkono umenyooka, na kila upepo ulipogeuka nami nikageuka, nikawa nakimbia kiubavu kama kichaa. Nilikuwa nakiambia kile kitu, kwa sauti kabisa, "Usije. Baki kwenu. Usije." Na papo hapo nilikuwa naupulizia moto usizimike.

Bibi alinipokea kigae kwa mikono miwili.

"Wamekupa?"

"Wamenipa."

Hakuuliza kingine. Hakuuliza ni akina nani, wala wanaendeleaje, wala kama nimewashukuru, yeye ambaye alikuwa akinirudisha njia nzima kwa kusahau kusema asante. Akaweka kaa kwenye kiota cha ndege, akapuliza, moto ukaruka. Maji yakachemka, akamwaga unga, akakoroga, akatia chumvi. Mimi nilikuwa nimekaa mbali, upande usio na moshi, meno yananigongana.

Uji ulipoiva akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Kwa Bibi mtoto alikula kwanza, siku zote, hata siku ambayo hakikubaki kitu. Siku ile alijimiminia yeye kikombe kizima, ukiwa wa moto, akaunywa wote kwa mafundo makubwa, amefumba macho. Kisha akasubiri kidogo. Kisha ndipo akampa Yona, kijiko kwa kijiko. Nilimkasirikia, jamani. Nikasema moyoni, kumbe njaa inaweza kumgeuza hata Bibi! Nami nilipopewa wangu nikaumwaga nyuma ya jiwe wakati haangalii.

Tulipoondoka hakuhamisha moto. Kigae kikabaki palepale chini ya jabali. Nilishangaa, lakini nikashukuru, nikadhani tumekiacha kitu kile hapo.

Hatukukiacha. Jioni Yona akashikwa na homa. Tulikuwa tumepata mahali pa kulala, kwa watu wenye moto wao halali jikoni, lakini mimi sikusogea jikoni. Nililala nimemgusa Yona mbavu, nahesabu anavyopumua. Asubuhi alikuwa wa moto zaidi. Siku nzima ya tatu nilitembea nyuma ya Bibi nikiangalia mguu wa Yona uliotoka kwenye mbeleko. Ukitikisika, yupo. Usipotikisika nakimbilia mbele nauminya kidole, anaguna, narudi nyuma. Nilitaka kumwambia Bibi. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nami nilikuwa nakisubiri hicho kilio kila hatua. Lakini nilidhani nikikitaja, kitasikia kwamba kimeitwa.

Mama mkubwa alitupokea mlangoni, akamwona Yona, hakusalimia hata kidogo, akamchukua tukaenda moja kwa moja zahanati. Wakamtundikia maji. Malaria ilikuwepo, na kuhara. Muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya ukali, akamwuliza Bibi, "Njiani mlimpa nini?"

"Uji wa uwele, wenye chumvi. Jana."

"Ulichemka?"

"Ulichemka."

"Basi huo ndio uliomfikisha hapa. Bila huo mngeniletea maiti."

Bibi akakaa chini pale pale sakafuni, akaficha uso kwenye kanga. Alilia kwa nguvu mpaka watu wakaja mlangoni. Mimi sikulia. Nilikuwa nafikiri, kama si Yona, basi ni nani?

Hivyo ndivyo nilivyokua. Yona alipona, akanenepa, sasa ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu anayecheza na cheche kutwa bila hofu yoyote. Lakini mbuzi wa mama mkubwa alipokufa, nilijua. Mume wa mama mkubwa alipougua, nilijua. Tuliporudi kijijini na kusikia yule mama wa kanisani amefiwa, nilikwenda kujificha ghalani. Kila msiba uliotupitia niliupokea kama barua yenye jina langu. Mtu mzima mwenye kazi na watoto, nasali Jumapili, nasoma magazeti, najua malaria inaletwa na nini. Na bado narudi kukagua mtungi.

Bibi alipozeeka tukamleta hapa Area D. Miguu ilikuwa imemvimba, lakini akili ilikuwa sawasawa. Mchana mmoja, wiki chache kabla hajatutoka, alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni mwa jikoni nami nampashia uji wake. Akaangalia ule mwali wa bluu.

"Moto wa siku hizi hauna moshi," akasema. "Huwezi kujua nani anapika na nani analia."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mama, kuna jambo nimelala nalo miaka yote. Ule moto wa kwenye majabali."

Nikaacha kukoroga.

"Nilijua ni msiba. Moshi ulikuwa mbele ya nyumba, mchana, kwenye mvua. Moshi wa kupika unatoka kwenye paa. Nilijua kabla sijakutuma. Mimi nisingeweza kwenda. Mtu mzima akiuchukua moto ule anauchukua huku anajua, na kifo kinamfuata. Asiyejua hakimfuati, hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Nikasema mtoto huyu hajui kitu, atapita salama. Nikakutuma. Uji nikanywa mimi kwanza, ili kama kuna cha kuanza, kianze na mimi." Alikuwa anapangusa magoti yake, anapangusa tu, hayana kitu. "Lakini nikikuona unavyorudi kukagua kagua huo mtungi, roho inanipasuka. Nasema, labda nilikosea. Labda alijua. Niambie ukweli, mama. Ulikuwa unajua?"

Nilimwangalia. Mwanamke aliyeusoma moshi kutoka kilima hadi kilima, na mimi miaka yote hiyo nikadhani siku ile macho yalimchoka. Nilikumbuka gogo, na bati juu yake, na kofia mapajani. Nilikumbuka mkono wangu ukipigwa na hindi likiruka.

"Nilikuwa na miaka tisa, Bibi. Ningejua nini?"

"Kweli?"

"Haki ya Mungu, sikujua."

Akashusha pumzi ndefu sana. Mabega yakamshuka, akaegemea kiti, akatabasamu mpaka mapengo yakaonekana. "Ahsante Mungu," akasema. "Haya, lete uji, njaa inaniuma."

Nikazima gesi, nikamimina uji kwenye kikombe chake. Kabla sijampa, nikanywa kwanza mimi.